Kitenzi cha Kihispania Mbele ya Kompyuta

Kitenzi cha Kihispania hubadilika kwa nafsi, idadi, njeo na dhamira. Yakihesabiwa maumbo sahili peke yake, bila njeo zinazoundwa kwa kitenzi kisaidizi *haber*, jedwali la kitenzi kimoja lina safu tisa, na kila safu ina maumbo sita. Safu tano ni za dhamira ya taarifa: wakati uliopo, uliopita wa kuendelea, uliopita wa kukamilika, ujao, na wa masharti. Nne zilizobaki ni za dhamira tegemezi, ambako wakati uliopita una safu mbili zinazotumika sambamba, ya *-ra* na ya *-se*, na wakati ujao umesalia zaidi katika lugha ya sheria na semi za kale. Jumla ni maumbo 54, kabla ya kuongeza maumbo ya kuamuru na yale matatu yasiyo na nafsi: kitenzi-jina (*hablar*, kusema), umbo la kuendelea (*hablando*) na umbo la utimilifu (*hablado*).

Habari hizo zote hubanwa mwishoni mwa neno. Katika *ninasema* la Kiswahili, *ni-* hubeba nafsi na *-na-* hubeba wakati, na kila kiambishi kinaweza kuondolewa na kingine kikakaa mahali pake. Katika *hablo* lenye maana hiyohiyo, irabu moja *-o* inabeba nafsi ya kwanza, umoja, wakati uliopo na dhamira ya taarifa kwa pamoja, wala haina mpaka wa ndani wa kuikata.

Kuunda modeli ya kikompyuta ya mnyumbuliko huu ni kuandika utaratibu ulio wazi kiasi kwamba mashine isiyojua Kihispania iweze kufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuzalisha: ipewe *contar* (kuhesabu, kusimulia) pamoja na agizo "nafsi ya kwanza, umoja, wakati uliopo", itoe *cuento*. Ya pili ni kuchanganua: ipewe *cuento* na kurudi hadi *contar*. Namna mbalimbali za kufanya hivyo zinatofautiana katika jambo moja la msingi, yaani mahali zinapoyaweka maarifa ya mzungumzaji: katika kamusi, katika kanuni, katika mlinganisho wa maneno yanayofanana, au katika namba zisizosomeka ndani ya mtandao wa neva.

Kinachobadilika na kisichobadilika

Vitenzi vyote vimegawanyika katika makundi matatu kwa mwisho wa kitenzi-jina: *-ar* (*hablar*), *-er* (*comer*, kula) na *-ir* (*vivir*, kuishi). Mgawanyo huu umo tayari katika sarufi ya Antonio de Nebrija iliyochapwa Salamanca mwaka 1492. Kundi la *-ar* ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lenye mlango wazi: vitenzi vipya kama *escanear* na *chatear* huingia humo. Kundi la *-er* halipokei wageni. Kwa vitenzi vya kawaida, kazi ya mashine ni nyepesi: kata mwisho wa kitenzi-jina, chukua shina, bandika kiishio kutoka jedwalini.

Ugumu huanza pale shina lenyewe linapobadilika. Mabadiliko hayo ni ya aina kadhaa, na kosa la kwanza la modeli nyingi sahili ni kuyachanganya. Aina ya kwanza ni ya tahajia tu. *Buscar* (kutafuta) hutoa *busqué*, *llegar* (kufika) hutoa *llegué*, *cruzar* (kuvuka) hutoa *crucé*. Sikio halisikii badiliko lolote la shina. Ni maandishi yanayolinda sauti ileile mbele ya irabu *e*. Andrés Bello, mwanasarufi aliyezaliwa Caracas na kuchapisha sarufi yake kuu nchini Chile mwaka 1847, alisisitiza kuwa kitenzi kihukumiwe kwa sauti zake, si kwa herufi zake. Kwa kipimo hicho, *buscar* ni kitenzi cha kawaida kabisa.

Aina ya pili ni ya irabu. *Perder* (kupoteza) hutoa *pierdo*, *mover* (kusogeza) hutoa *muevo*, *pedir* (kuomba) hutoa *pido*. Aina ya tatu ni ya konsonanti: *conocer* (kujua, kufahamu) hutoa *conozco*, *tener* (kuwa na) hutoa *tengo*, *salir* (kutoka) hutoa *salgo*. Aina ya nne ni ya wakati uliopita wa kukamilika wenye shina la pekee na mkazo usio wa kawaida: *tuve*, *hice*, *puse*, *dije*. Aina ya mwisho ni ya vitenzi ambavyo mashina yake hayana uhusiano wowote wa sauti. *Ir* (kwenda) ina *voy*, *iba* na *fui*, na hiyo *fui* inaichangia na *ser* (kuwa), hivi kwamba ni muktadha pekee unaoamua kama msemaji alikwenda au alikuwa.

Mpangilio ndani ya mkengeuko

Mikengeuko hii haikutawanyika ovyo katika jedwali. Irabu unganifu *ie* na *ue* hutokea pale mkazo unapoangukia shina, yaani katika nafsi zote tatu za umoja na nafsi ya tatu ya wingi: *cuento, cuentas, cuenta, cuentan*, lakini *contamos* na *contáis*. Chanzo chake ni sauti za Kilatini: irabu fupi *e* na *o* zilizokuwa na mkazo zilipasuka kuwa mbili, na zisizo na mkazo zikabaki zilivyo. Ushahidi kwamba mkazo bado unatawala unapatikana Argentina na Uruguay, ambako kiwakilishi *vos* hutumika badala ya *tú*. Umbo la *vos* hubeba mkazo mwishoni, kwa hiyo anayesema *tú cuentas* huko Hispania ana mwenzake anayesema *vos contás* mjini Buenos Aires, bila irabu unganifu. Modeli inayofunga badiliko hili kwenye mkazo hupata umbo la *vos* bila kuambiwa jambo jipya; inayolifunga kwenye nafsi ya pili ya umoja hukosea.

Mabadiliko ya konsonanti yana eneo jingine: nafsi ya kwanza ya umoja katika wakati uliopo, pamoja na maumbo yote sita ya wakati uliopo wa dhamira tegemezi. *Digo* na *diga, digas, digamos* zina *g*. *Dices* na *dice* hazina. Hapa pia chanzo ni Kilatini. Sauti *k* ya *dico* ilisalia mbele ya *o* na *a*, kisha ikalainika kuwa *g*, lakini mbele ya *e* na *i* ilisogezwa mbele ya kinywa na kuwa sauti nyingine. Sababu ya kifonetiki imekwisha kufa, ila mpaka wake umebaki jedwalini. Bello aliyapanga maumbo ya kitenzi katika makundi yenye undugu, na eneo hili ni mojawapo ya makundi hayo. Katika isimu ya leo Martin Maiden ameliita mpangilio wa L kwa jinsi linavyochoreka jedwalini, na eneo la irabu unganifu ameliita mpangilio wa N.

Upo uhusiano mwingine ambao hauna hata kitenzi kimoja kinachouvunja. Shina la nafsi ya tatu ya wingi katika wakati uliopita wa kukamilika ndilo shina la wakati uliopita na wakati ujao wa dhamira tegemezi: *tuvieron* huzaa *tuviera*, *tuviese* na *tuviere*, *fueron* huzaa *fuera*. Vivyo hivyo shina la wakati ujao ndilo la masharti: *tendré*, *tendría*. Ndiyo maana maumbo machache ya msingi, kwa mfano *tener, tengo, tiene, tuve, tendré*, hutosha kujenga karibu jedwali zima la kitenzi hicho.

Katika Kihispania, basi, eneo la mkengeuko hutabirika kwa kiasi kikubwa. Kisichotabirika ni kitenzi gani kitakengeuka. *Contar* hutoa *cuento*, lakini *montar* (kupanda) hutoa *monto*. *Entender* (kuelewa) hutoa *entiendo*, lakini *pretender* (kunuia) hutoa *pretendo*. Hakuna kitu katika kitenzi-jina kinachotangaza tofauti hiyo. Modeli zote zinazofuata zinaweza kupimwa kwa namna zinavyolikabili pengo hilo.

Njia ya kanuni

Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliwasilisha mofolojia ya viwango viwili, aliyoijenga kwa kuanzia na Kifini. Kiwango cha kwanza ni cha kikamusi, ambako shina na viambishi vimeandikwa katika umbo lao la ndani. Cha pili ni cha neno linavyoandikwa. Kati yake zipo mashine za hali kikomo, ambazo husoma herufi moja moja, huhama kutoka hali moja hadi nyingine, na huruhusu au kukataa kila jozi ya herufi. Ronald Kaplan na Martin Kay walionyesha kwamba hata mlolongo wa kanuni za kifonolojia zinazofuatana unaweza kuunganishwa kuwa mashine moja ya namna hiyo. Mofolojia hiyohiyo ya viwango viwili ndiyo Arvi Hurskainen aliyoitumia kuchanganua maneno ya Kiswahili, kazi aliyoieleza katika makala ya mwaka 1992.

Kitenzi *empezar* (kuanza) kinaonyesha utendaji wake. Ikitakiwa nafsi ya tatu ya umoja katika wakati uliopo wa dhamira tegemezi, kamusi hutoa shina *empez-* lenye alama kwamba irabu yake ya mwisho hubadilika, pamoja na kiishio *-e*. Kanuni ya mkazo huona kuwa mkazo uko kwenye shina. Kanuni ya irabu hugeuza *e* kuwa *ie*. Kanuni ya tahajia hugeuza *z* kuwa *c* mbele ya *e*. Tokeo ni *empiece*. Katika nafsi ya kwanza ya wingi mkazo huhamia kiishioni, kanuni ya irabu hainyanyuki, ya tahajia hufanya kazi kama kawaida, na tokeo ni *empecemos*. Kanuni tatu zinazojitegemea huzalisha kile ambacho jedwali la kawaida lingekiorodhesha kama mkengeuko wa pekee.

Faida kubwa ya mashine hizi ni kwamba zinasomeka pande zote mbili. Mashine iliyozalisha *empiece* ikigeuzwa hurudisha *empezar*. Zikigeuzwa hivyo, hufichua pia utata uliomo katika lugha. *Siento* ni la *sentir* (kuhisi) na ni la *sentar* (kuketisha). *Creo* ni la *creer* (kuamini) na la *crear* (kuumba). *Hablamos* ni wakati uliopo na ni wakati uliopita. Mchanganuzi mwaminifu hutoa majibu yote na kuiachia sintaksia uamuzi. Pia hulazimika kushughulikia viwakilishi vinavyoandikwa pamoja na kitenzi: *dámelo* (nipe hicho) ni *da*, *me* na *lo* pamoja na alama ya mkazo iliyoongezeka, na *sentémonos* (tuketi) ni *sentemos* na *nos*, *s* moja ikiwa imedondoka.

Kasoro ya njia hii ni kwamba pengo la *contar* na *montar* halijazibwa; limehamishiwa kamusini. Ni lazima mtu aandike alama kwenye kila kitenzi kinachobadilika. Kwa kitenzi ambacho kamusi haikijui, mashine haina maoni.

Njia ya urithi

Kazi ya kuandika alama hupungua kamusi ikipangwa kwa urithi. Katika lugha ya DATR, iliyobuniwa na Roger Evans na Gerald Gazdar, kila kitenzi hurithi sifa za mzazi wake isipokuwa pale kinapotamka vingine. *Tener* hurithi viishio vya kundi la *-er* na kuongeza mashina yake. *Obtener* (kupata), *mantener* (kudumisha) na *contener* (kuwa na ndani yake) huhitaji mstari mmoja tu wa kusema kuwa ni watoto wa *tener*, na mara moja hupata *obtengo*, *mantuve* na *contendré*.

Mtoto anaweza pia kumkatalia mzazi. *Bendecir* (kubariki) hurithi *bendigo* na *bendije* kutoka kwa *decir* (kusema), lakini wakati ujao wake ni *bendeciré* ilhali *decir* ina *diré*, na umbo lake la utimilifu ni *bendecido* ilhali *decir* ina *dicho*. Sehemu moja ya jedwali imebaki kwa mzazi na nyingine imerudi kwa babu, yaani kundi zima la *-ir*. Utaratibu huu unaonyesha kuwa "kitenzi cha kawaida" na "kitenzi kisicho cha kawaida" si vyumba viwili. Hata *tener* yenyewe ni ya kawaida katika *tenía* na *tenemos*.

Njia ya mlinganisho

Swali la mzungumzaji anayekutana na kitenzi kigeni lilipimwa kwa vitenzi vya kubuni. Jean Berko alikuwa ametumia mbinu hiyo kwa watoto wa Kiingereza mwaka 1958, na mwaka 1981 Joan Bybee na Elly Pardo waliitumia kwa vitenzi vya Kihispania. Mwaka 2001 Adam Albright, Argelia Andrade na Bruce Hayes waliiunganisha na modeli ya kikompyuta inayojifunza kutokana na mifano.

Modeli yao huanza na jozi za maumbo: umbo lisilo na mkazo kwenye shina na lile lenye mkazo. Hulinganisha jozi mbili mbili, huondoa zinachotofautiana, na huhifadhi zinachoshirikiana kama kanuni ndogo. Jozi mpya zikija, kanuni hupanuka, na kila kanuni hupewa alama ya uaminifu: kati ya vitenzi vyote vinavyoingia katika mazingira yake, ni vingapi vinaifuata? Mazingira ya *e* mbele ya *rr* ni mfano mzuri. *Cerrar* (kufunga) hutoa *cierro*, *enterrar* (kuzika) hutoa *entierro*, *serrar* (kukata kwa msumeno) hutoa *sierro*, *herrar* (kupiga kwato chuma) hutoa *hierro*. *Aferrar* (kushika sana) inakwenda kinyume kwa *aferro*, lakini kwa jumla kanuni hiyo inaaminika kuliko kanuni pana ya *e* popote ilipo.

Wazungumzaji walipopewa vitenzi vya kubuni, mwelekeo wao wa kutumia irabu unganifu ulipanda na kushuka kulingana na makadirio ya modeli. Matokeo hayo yanarekebisha kauli iliyotolewa juu kuhusu pengo la *contar* na *montar*. Kitenzi-jina hakitangazi jibu, lakini hakiko kimya kabisa. Sauti zinazoizunguka irabu hutoa dokezo, na wazungumzaji hulisikia bila kufundishwa.

Njia ya mtandao wa neva

Mwaka 1986 David Rumelhart na James McClelland walionyesha mtandao uliojifunza wakati uliopita wa vitenzi vya Kiingereza bila kuandikiwa kanuni yoyote. Steven Pinker na Alan Prince waliupinga kwa kina mwaka 1988. Kutoka katika mjadala huo ulikua mtazamo kwamba vitenzi vya kawaida hutungwa kwa kanuni na visivyo vya kawaida hukaririwa. Kihispania kinaupa mtazamo huo mtihani mgumu, kwa sababu shina lililokengeuka hubeba kiishio cha kawaida: katika *cuento*, *cuent-* ni ya kukumbukwa na *-o* ni ya kanuni. Harald Clahsen, Fraibet Aveledo na Iggy Roca, katika uchunguzi wa watoto wanaojifunza Kihispania uliochapishwa mwaka 2002, walitenga shina na kiishio na kuonyesha kuwa makosa huelekea upande mmoja. Mtoto husema *sabo* mahali pa *sé* (najua), au *rompido* mahali pa *roto* (iliyovunjika). Ni nadra sana kupeleka mkengeuko kwenye kitenzi cha kawaida.

Mitandao ya leo ina uwezo mkubwa zaidi. Kihispania kilikuwa miongoni mwa lugha kumi katika shindano la SIGMORPHON la mwaka 2016, ambako mifumo ilipewa kitenzi-jina na sifa za kisarufi na kutakiwa kutoa umbo. Mfumo ulioongoza, wa Katharina Kann na Hinrich Schütze wa Munich, husoma mfuatano wa herufi na sifa, huugeuza kuwa namba, kisha huandika neno jipya herufi baada ya herufi, ukiamua kila mara ni sehemu gani ya neno la mwanzo ya kuiangalia. Shindano la mwaka uliofuata lilipima pia kiasi cha mafunzo, kwa mifano 100, 1,000 na 10,000. Mwaka 2018 Christo Kirov na Ryan Cotterell walirudi kwenye hoja za mwaka 1988 na kuonyesha kuwa mitandao ya aina hii inazijibu nyingi.

Alama za juu katika mashindano zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Vitenzi vingi katika orodha ni vya *-ar* na ni vya kawaida, hivyo mfumo unaweza kupata alama nzuri huku ukishindwa kwa *ser*, *ir*, *haber* na *hacer*, ambavyo ni miongoni mwa vitenzi vinavyotamkwa mara nyingi kuliko vyote. Tena, baadhi ya maumbo ya kitenzi yakiwa katika mafunzo na mengine katika mtihani, mtandao ulioona *cuentas* hauna sifa kubwa kwa kutoa *cuentan*. Kipimo cha haki huweka kitenzi kizima upande mmoja, na huhesabu makosa kwa aina: irabu, konsonanti, mkazo na tahajia kila moja peke yake.

Kufanana na wazungumzaji ni jambo jingine tena. Mwaka 2015 Andrew Nevins, Cilene Rodrigues na Kevin Tang waliwapa wazungumzaji wa Kireno, Kiitalia na Kihispania vitenzi vya kubuni vyenye mpangilio wa L, na hawakuukuta ukiendelezwa kama ungetarajiwa kwa kanuni hai. Kwa hiyo mtandao unaoeneza mpangilio huo kwa kila kitenzi kipya unaweza kuwa sahihi jedwalini na bado usifanane na watu.

Uchaguzi wa njia

Hakuna njia moja inayotosha kwa kila shughuli. Kikagua tahajia, kamusi ya mtandaoni na zana za kufundishia huhitaji uhakika na maelezo ya kosa, na hapo mashine za hali kikomo zenye kamusi iliyopangwa kwa urithi bado ni imara. Matini yenye maneno mapya na makosa ya uandishi huhitaji mfumo unaokisia, na mtandao wa neva unafaa, hasa ukisimamiwa na orodha ya vitenzi vinavyotumika zaidi. Anayetafuta kueleza akili ya mzungumzaji huhitaji modeli inayotoa viwango vya uwezekano na inayoweza kushindwa pale watu wanaposhindwa.

Ulinganisho wa njia hizi umetenganisha tabaka tatu ambazo jedwali la shuleni huzifunga pamoja: viishio na tahajia, ambavyo ni vya kanuni, maeneo ya mkengeuko, ambayo ni machache na yana historia, na orodha ya vitenzi vinavyoingia katika maeneo hayo. Tabaka la tatu ndilo mlinganisho wa sauti hulipunguza bila kulimaliza. Kwa sehemu inayosalia, mzungumzaji na mashine wana njia moja tu: kukutana na kila kitenzi na kukikumbuka.